Ndoo Iliyoshika Ardhi

Mti wenyewe ulikuwa ndani ya ndoo ya rangi. Nasema hivi mwanzo ili anayesoma asidhani palikuwa na shamba, au ua wa seng'enge, au safu ya minazi. Palikuwa na ndoo ya plastiki iliyowahi kutiwa rangi nyeupe ya kupaka hoteli, na ndani yake mronge uliomfikia Kadzo begani. Kwa ajili ya ndoo hiyo mwanamke mtu mzima aliitwa mnyang'anyi wa ardhi mbele ya wapangaji wenzake, na mama wa huyo aliyemwita hivyo alikuwa akila mboga za mikono yake.

Kadzo binti Mwaringa alihamia kwenye nyumba yetu ya vyumba, hapa Malindi, akitokea Tezo. Wapangaji wengine huja na kitanda, mtungi wa gesi na mafurushi ya nguo. Yeye alikuja na mkokoteni uliojaa magunia ya udongo. Lewa, anayekaanga viazi karai penye mlango wa ua, alimuuliza kama amekuja kupanga chumba au kuzika mtu. Kadzo alicheka, akamwambia asaidie kushusha kwanza, matanga baadaye.

Udongo ule ulikuwa na sababu. Babake alipewa mahali pa kukaa na kulima na mwenye shamba wa Tezo, kwa sharti ambalo kila mtu wa huku analijua: panda mahindi, panda muhogo, panda mboga, lakini mti wa kudumu usipande. Kwetu pwani ardhi inaweza kuwa ya mtu mmoja na minazi iliyosimama juu yake ikawa ya mwingine, na mti ukishakuwa mkubwa husimama kama shahidi. Mzee Mwaringa alivumilia sharti lile miaka mingi, kisha akapanda mikorosho michache nyuma ya nyumba. Shamba lilipouzwa, mnunuzi alisema mikorosho haikuwa na idhini. Ikakatwa, ikachomwa makaa, na jamaa wakaambiwa wachukue wanachoweza kubeba. Wengine walibeba mabati. Kadzo alibeba udongo wa penye jiko, ule aliourutubisha kwa samadi ya mbuzi tangu alipokuwa mwari.

Tangu siku hiyo hakupanda kitu kisichokuwa na mkono wa kukishikia. Alikata mitungi ya mafuta ya kupikia ubavuni, akailaza, akatoboa matundu chini kwa msumari uliopashwa moto. Ndani alitandika makumbi ya nazi ili yashike maji, juu yake udongo. Mchicha aliupanda kwenye mitungi, mnavu kwenye mabeseni yaliyopasuka, na mtsunga, ile mboga chungu ambayo Mgiriama hawezi kukaa nayo mbali, kwenye viroba vya unga. Kila chombo kilikaa juu ya matofali. Maji ya kisima chetu yana chumvi, kwa hiyo aliwamwagilia watoto wake, kama alivyoviita vyombo vile, maji ya kuoshea mchele na ya bomba siku yalipotoka. Alichuma ncha tu, mmea ukatoa matawi, na jua la kaskazi lilipowaka alivisogeza vyote chini ya kipande cha makuti, kimoja kimoja, akiwa ameshika kiuno.

Ua ule ulikuwa mchanga mtupu na maji ya povu. Ukawa mahali pa watu kukaa jioni. Na tulikula. Sijui mpangaji hata mmoja ambaye hakupitisha bakuli kwa Kadzo akarudi nalo limejaa. Mwenye nyumba, Bi Mwanatumu, anayeishi nyumba ya mbele yenye baraza, alikuwa akileta ungo wake kila Ijumaa. Mronge ulipandwa kwa ajili yake. Alilalamikia miguu, akasema ameambiwa majani ya mronge yanafaa, na Kadzo akatafuta mbegu, akaitia kwenye ile ndoo. Ndoo ilikuwa nzito, Kadzo akaona tabu kuiinua juu ya matofali, basi ikakaa mchangani, pembeni ya ukuta. Hilo ndilo kosa lake lote.

Mahmood ni mwana wa Bi Mwanatumu. Anakaa Mombasa na huja kuangalia nyumba. Mara hii alikuja na fundi, akitaka kuchimba shimo jipya la maji machafu pale ukutani. Akamwambia fundi aisogeze ndoo. Fundi aliivuta, haikuja. Akaikumbatia, akaitikisa, akasema imeshika. Mahmood akainama, akafukua mchanga pembeni yake, akatazama chini, kisha akasimama wima na uso umebadilika. Mzizi ulikuwa umepita kwenye tundu la msumari na kuzama mchangani.

Mimi nilikuwa naanika nguo. Nilidhani ataomba panga. Badala yake alitoa simu akapiga picha, akazunguka akapiga upande wa pili, akapiga na ukuta ili ionekane ni wapi. Kadzo alitoka chumbani akijifuta mikono, akamsalimu vizuri, akamuuliza habari za watoto. Mahmood alitia simu mfukoni.

"Mama Kadzo, nani alikupa ruhusa ya kupanda mti kwenye ardhi yetu?"

Kadzo alisema mti uko kwenye ndoo. Mahmood akamwonyesha kwa kidole mahali ulipo mzizi. Akasema anazijua njia hizi, huanza na mboga, baadaye mti, kisha siku moja mtu anasimama mbele ya hakimu akisema mimi nimepanda, nimekaa, nina haki.

Ili nisimwonee, nitasema ninachokijua. Marehemu babake, Mzee Stambuli, alikuwa na shamba upande wa Kikambala. Walioachiwa walitunze walipanda miembe, na kesi ilipofika mwisho miembe ile ilimshinda mzee. Mahmood alikuwa kijana alipomwona babake akirudi nyumbani siku hiyo. Hofu yake nimeielewa. Lakini waliomnyang'anya babake hawakuwa Kadzo, na mwembe wa miaka mingi si mronge wa kwenye ndoo. Mbona hofu ya aliyenacho lazima imwangukie asiyenacho? Yeye alipoteza shamba moja akabaki na nyumba tatu. Kadzo alipoteza shamba moja akabaki na magunia. Kisha mwenye nyumba tatu ndiye anayemwogopa mwenye magunia, na sisi tunatakiwa tuone ni jambo la kawaida.

Lewa alikuwa amesimama mlangoni na kijiko chake cha kukaangia. "Mahmood, ndugu yangu," akasema, "ukuta wa chumba changu umeota uyoga tangu mvua za Mei. Unanishauri nidai chumba, ama nidai nyumba yote?"

Watu walicheka. Pengine kicheko hicho ndicho kilichoharibu mambo, maana Mahmood aliona anachezewa. Akatoa hukumu hapo hapo. Kadzo aukate ule mzizi mbele ya watu. Aseme mbele ya watu hao hao kwamba hana mti wala haki yoyote katika ua huu. Vyombo vyake vyote viwe juu ya matofali, na kila ajapo vitainuliwa vionekane chini. Akikubali, akae. Akikataa, ahame mwezi ukiisha.

Tuligeuza macho kwenye baraza. Bi Mwanatumu alikuwa dirishani, na kila neno alilisikia. Neno moja kutoka kwake lingetosha: mti huu nimeuagiza mimi. Badala yake alisema kwa sauti ya upole, "Kadzo mwanangu, kata tu, yaishe."

Kadzo aliingia ndani, akatoka na panga. Aliinamisha ndoo upande taratibu, kama mtu anayemlaza mgonjwa, akaukata mzizi kwa pigo moja. Ulikuwa mnene kama kidole gumba, mweupe, ukitoa harufu kali. Kisha akasema aliyotakiwa kusema, kwa sauti tuliyoisikia sote.

"Sina mti hapa. Sina haki hapa. Nimesema." Akapanguza panga kwa kanga. "Na sasa nisikize na wewe, Mahmood. Mti wangu umegusa chini nikaitwa mwizi. Mimi nimeikanyaga chini hii miaka yote hii. Siku utakapoiona miguu yangu, utasemaje?"

Mahmood alisema hakuna aliyemfukuza, amesharuhusiwa kukaa. Kweli alisema hivyo, na nadhani alijiona mtu mwema. Siku zilizofuata Kadzo alikuwa akitoka asubuhi na kurudi mchana, hasemi anakokwenda. Alikuwa akitafuta chumba. Alipopata, upande wa Maweni, alituambia kitu kimoja tu kuhusu chumba hicho, kwamba ua wake wote ni saruji.

Alihama siku ya Ijumaa. Mimi na Lewa tulibeba mitungi, mabeseni na viroba mpaka kwenye mkokoteni. Chini ya kila chombo hapakuwa na kitu ila alama ya matofali. Tulikuwa tumebakiza ndoo ya mronge, majani yake yamelegea lakini ungali hai, Bi Mwanatumu alipotokea na ungo wake. Sijui kama alikuwa amesahau kwamba ndiyo siku ya Kadzo kuhama, au mazoea ndiyo yaliyomtoa nje.

"Shikamoo, Bi Mwanatumu," Kadzo akasema.

"Marahaba, mwanangu. Unakwenda kweli? Na mimi mboga nitapata wapi?"

Nilitaka kumjibu mimi. Nilikuwa na maneno mengi, na hadi leo ninayo. Lakini Kadzo aliinama, akaikumbatia ndoo ile nzito, akapanda nayo ngazi za baraza akiwa ameuma mdomo, akaitua karibu na kiti cha mwenye nyumba.

"Huu ulikuwa wako tangu mbegu," akasema. "Umwagilie maji ya mchele. Ila usiuteremshe mchangani, utashika."

Akashuka, akatembea nyuma ya mkokoteni mpaka kwenye kona, na hakugeuka.

Ua wetu umerudi kuwa mchanga na povu. Mboga tunanunua sokoni, zikiwa zimenyauka. Mronge umechipua tena, na Bi Mwanatumu huchuma mwenyewe kwa tabu, akiwa amekaa. Mahmood bado huja kutoka Mombasa. Kabla hajamsalimu mamake, huishika ndoo kwa mikono miwili na kuinua, pale pale juu ya baraza lake, juu ya saruji aliyoimwaga babake, kuona kama inabanduka.