Mgomba Uliovaa Shati la Mume Wangu

Niliitwa ukweni Butimba, nikakuta mgomba umelazwa sebuleni juu ya mkeka, umevishwa shati la mume wangu.

Shati la drafti, la bluu. Nililishona mwenyewe kwa mikono yangu. Na wanawake wameuzunguka mgomba wanalia kabisa, machozi na kamasi.

Naitwa Evelina, Mkerewe, mzaliwa wa Nansio kisiwani, fundi cherehani hapa Mabatini. Hili lilinikuta mimi, sikusimuliwa na mtu.

Mume wangu Rugambwa alikuwa fundi wa injini za boti. Miezi miwili kabla ya siku hiyo aliaga anakwenda kazini visiwani. Mchana wake dhoruba ikapindua boti. Miili mitatu ikapatikana, wengine hawakuonekana mpaka leo. Watu wa mwaloni, pale boti zinapopakia, wakasema asubuhi walimwona Rugambwa pale akisubiri kupanda.

Ukoo wa mume wangu ni Wahaya. Kwao mtu akipotea majini huzikwa mgomba badala yake, msiba uishe, watu wapumue. Na mke ndiye anayetangulia kutupa udongo. Bila mke, shughuli haiendi.

"Njoo mwanangu, tumpumzishe mwenzio," mama mkwe, Ma Kokulinda, akaniambia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

Nikainama, nikaanza kufungua vifungo vya lile shati.



"Shemeji, unafanya nini?" Huyo ni Projest, mdogo wake Rugambwa.

"Rugambwa hajafa. Siku ile aliondoka na viatu vyake vya harusi. Boksi liko tupu chini ya kitanda. Shemeji, tangu lini fundi injini anaenda kazini na viatu vya ngozi?"

Projest akatazamana na mama yake.

"Huzuni imempanda kichwani," akasema.

Nikaondoka na shati langu kwapani. Mgomba nikauacha pale mkekani, uchi.

Basi, kimenuka.

Wiki haikuisha mtaa mzima ulikuwa na habari. Mara mimi kichaa. Mara nimemfanya mume wangu msukule, nimemficha analima usiku, ndiyo maana sitaki azikwe. "Si Mkerewe yule? Watu wa visiwani hao, muwaogope." Na kubwa kuliko yote, mbona halii?

Kweli, nilikuwa silii. Nilijaribu, chozi likagoma. Utamliliaje mtu aliyeondoka amevaa soksi?

Wateja wakaanza kuja kuchukua vitambaa vyao kimoja kimoja. "Nimeahirisha, dada." Kesho yake namwona huyo huyo kakaa kwa fundi wa ng'ambo ya barabara. Kwenye sala za jumuiya nikifika, benchi linapata nafasi ghafla. Sitawadanganya, iliniuma sana. Kuna siku nilikanyaga cherehani kwa hasira mpaka sindano ikavunjika.

Lakini aliyenimaliza ni mwanangu Precious, wa miaka tisa. Alirudi shule, akavua begi, akasimama mlangoni.

"Mama, kwani baba tukimzika tu itakuwaje? Ili wenzangu wanyamaze."

Nikampakulia chakula. Usiku ule nilijiambia, Evelina, wewe ni nani uwe na akili kuliko ukoo mzima? Nikalitoa lile shati kabatini, nikalikunja vizuri, asubuhi nilipeleke Butimba yaishe.

Nikapiga magoti kutafuta kandambili chini ya kitanda. Nikaliona boksi.

Nikalifungua tena, kama vile viatu vingekuwa vimerudi. Humo ndani karatasi tu. Sikuwa na shahidi mwingine zaidi ya boksi lile na macho yangu. Nikalirudisha shati kabatini.

Mwaka ukaisha, na miezi kadhaa juu yake.

Jumanne moja mchana simu ikaita. Projest.

"Shemeji, njoo haraka nyumbani. Rugambwa yuko hapa."

Sikupiga kelele. Nilifunga cherehani, nikalitia shati kwenye mkoba, nikapanda bodaboda.

Nilimkuta sebuleni, pale pale ulipolala mgomba, amekaa kwenye kiti anakunywa chai. Amenenepa. Miguuni viatu vya harusi, visigino vimelika upande.

Boti ile hakuipanda. Alipanda nyingine, ya kisiwa kingine, kwa mwanamke wake. Aliposikia huku amehesabiwa marehemu, aliona imekuwa nafuu. Sasa mwanamke kamfukuza.

Aliyasema yote hayo huku anapuliza chai.

Nje watu walishajaa. Vigelegele. Wale wale wa msukule! "Evelina una imani jamani! Umemsubiri mumeo mpaka karudi!" Ma Kokulinda akanikumbatia analia. "Nisamehe mwanangu, mimi nilimzika mwanangu moyoni, wewe ulikataa. Mchukue mwenzio mwende nyumbani. Mwanaume ni mwanaume."

"Mpokee!" wakaitikia wote.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba mwaka mzima hawakunisikia hata neno moja.

"Mama, mimi sikuwa namsubiri," nikasema. "Nilisema tu kwamba hajafa."

Nikapita katikati yao mpaka migombani nyuma ya nyumba. Nikaomba jembe. Projest akakataa kunipa, nikalichukua mwenyewe. Nikakata mgomba mmoja mdogo, nikauvisha lile shati, nikafunga vifungo vyote mpaka cha shingoni. Nikachimba.

"Evelina, acha uchuro!" Ma Kokulinda akapiga kelele.

Rugambwa akaja mbio, kikombe bado mkononi. "We Evelina! Mimi niko hai!"

"Najua. Nilikuwa wa kwanza kujua."

Nikatangulia kutupa udongo, kama mila inavyotaka.

Na hapo, mbele ya wote, chozi likaja. Nililia kwa sauti, nikalia mpaka nikakaa chini kwenye matope. Hakuna aliyenigusa.

Jioni nilimwambia Precious ukweli: baba yako ni mzima, yuko kwa bibi, ukitaka kumwona nitakupeleka. Akaniuliza kama sasa watanyamaza.

Nikamwambia hapana.

Na hawajanyamaza. Leo mimi ndiye mwanamke aliyemzika mume akiwa hai, mwenye roho ya jiwe. Cherehani inaendelea, wateja wengine wamerudi, wengine wakiniona wanavuka barabara.

Wewe unayesoma, sikwambii umwache mtu. Ninachokwambia ni kwamba midomo iliyonitaka nizike aliye hai ndiyo hiyo hiyo iliyonitaka nifufue ndoa iliyokufa, na kama ningeifuata, leo ningekuwa nimekosea mara mbili. Ulichokiona kwa macho yako, kishike. Utakaa nacho peke yako, tena siku nyingi, na itauma.