Shahidi wa Dobi

Goti la kushoto la Dobi lilianza kuuma mwaka ule hoteli iliponunua mashine ya kufulia, na hilo peke yake linakuonyesha akili za wenye hoteli. Mashine ilifanya kazi miezi minne, ikanyamaza, ikageuzwa meza ya kuwekea sabuni. Dobi akarudi chini kwenye sakafu ya saruji, goti moja limeegemea beseni, akisugua mashuka ya watu ambao hawajawahi kujiuliza shuka hufuliwa na nani. Ilikuwa miaka ishirini na miwili sasa. Alijua kutoa doa la wino, la damu na la mafuta ya nywele. Kusoma ndiko asikokujua, na kwa sababu hiyo aliachwa.

Hiyo ndiyo sababu aliyopewa, na inafaa ielezwe kama ilivyotolewa. Mumewe alikuwa fundi wa makochi, mtu aliyezoea kufunika sponji iliyooza kwa kitambaa kipya. Siku moja alimkalisha sebuleni akamwambia, "Mama Watoto, wewe huna kosa. Ila mimi nimefika umri wa kutaka mtu wa kusoma naye gazeti." Haikupita miezi miwili, mtu wa gazeti akaingia, mwembamba, miwani imepandishwa juu ya nywele, gazeti kwapani kama kipimajoto. Mtaa ukambatiza jina la Msomi. Dobi akahamia chumba kimoja mitaa miwili kutoka hapo, na sufuria zake, watoto wake wawili na ile sentensi.

Kwa miaka tisa aliiamini, na hapo ndipo panapoudhi. Mwanamke ambaye meneja mzima alikuwa akikwepa ulimi wake aliamini kwa moyo wote kwamba laiti angejua herufi chache, angekuwa bado na mume.

Tangazo la chuo kikuu lililetwa hotelini na kubandikwa karibu na jiko. Meneja ndiye aliyelisoma, mashavu yamemvimba kana kwamba utafiti ni wa kwake. Walitakiwa wanawake wa miaka arobaini na mitano hadi sitini wenye maumivu ya goti, wajitolee kujaribiwa dawa mpya ya sindano.

"Wanatafuta panya hao," mpishi alisema.

"Panya wanao," Dobi akamjibu. "Wanatafuta panya anayejua kusema panauma wapi."

Walicheka, naye akacheka nao, lakini tangazo halikumtoka kichwani. Wiki iliyotangulia meneja alikuwa amemwita pembeni, akamwambia kwa sauti ya huruma ya bei rahisi kwamba mwisho wa mwezi, kama hataweza kuchuchumaa, atatafutwa mwingine mwenye magoti. Alisema hivyo hivyo, "mwenye magoti", kama mtu anayeagiza kiti.

Basi Dobi akaenda. Chumba cha utafiti kilikuwa kimepakwa rangi nyeupe, kikiwa na kitanda chembamba na goti la plastiki juu ya meza. Daktari alikuwa binti ambaye Dobi angeweza kumzaa. Walimpiga picha ya goti, wakampima damu na shinikizo lake, wakasema anafaa. Kisha binti akavuta kiti na kuanza kueleza, na Dobi akakunja uso, tayari kudharau.

"Tuna dawa, mama. Hatujui kama inasaidia goti."

"Umesoma miaka mingapi?"

"Kumi na tisa."

"Na hujui."

"Ningejua, nisingekuhitaji," binti akasema bila kukasirika. "Watu mia moja na ishirini tunawagawa mafungu mawili. Kompyuta ndiyo inayogawa, kama kura. Fungu moja linadungwa dawa, jingine linadungwa maji ya chumvi. Wewe hutajua umepata nini, na mimi sitajua, mpaka mwisho."

"Kwa hiyo naweza kuchomwa goti zima kwa maji ya chumvi, halafu mniambie asante."

"Ndiyo. Tutakuambia asante, na kama dawa itaonekana nzuri, walioikosa wataipata baadaye. Lakini sikuahidi kupona."

Dobi alikuwa ameahidiwa mengi na wanaume, wachungaji na wauza dawa za kuchua. Huyu wa kwanza asiyemwahidi kitu alimtia mashaka. Binti akaendelea: atakuja mara saba, damu itakayotolewa kila mara ni kama vijiko viwili, nauli atarudishiwa. Akamweleza na hatari. Katika watu mia, mmoja au wawili goti huvimba na kutunga usaha. Akipata homa ndani ya siku tatu asisubiri asubuhi, aje saa hiyo hiyo.

Kisha likaja la kusoma. Fomu ilikuwa na kurasa kumi na nne, na Dobi akasema waziwazi kwamba hajui kusoma.

"Kwa kuwa husomi, mama, njoo Jumanne na shahidi. Awe anajua kusoma, na asiwe mfanyakazi wetu. Mimi nitasoma kwa sauti, yeye atafuatisha kwa macho kwenye nakala yake, nisije nikakurukia mstari. Mwisho yeye anatia sahihi, wewe unaweka dole gumba."

"Yaani ni mlinzi wangu, ananilinda na wewe."

"Hasa, mama. Ila usichelewe. Imebaki nafasi moja, na Jumanne saa kumi tunafunga orodha."

Dobi alihesabu wasomaji wake njia nzima. Binti yake alikuwa kazini mji mwingine, mwanawe alikuwa na malori huko yalikokwenda. Hotelini meneja alisema hawezi kutoa ruhusa kwa watu wawili kwa ajili ya goti moja. Kilichobaki kilikuwa mitaa miwili tu kutoka kwake, hakina kazi Jumanne wala siku nyingine, na kilivaa miwani.

Hakwenda kubisha hodi kwa mtu. Alimngoja bombani, wanawake saba wakiwa kwenye foleni ya maji.

"Msomi, Jumanne nataka unifuatishie karatasi hospitali."

"Jumanne?" Msomi aliweka ndoo chini. "Jumanne nina shughuli, dada."

"Shughuli gani?" mmoja wa wale saba akauliza. "Si kusoma tu? Kwako wewe ni kama kutafuna karanga."

Wengine wakaguna kwa furaha. Msomi akasema sawa, atakuja, na maji ya ndoo yake yakamwagika njiani.

Jumanne saa nne walikuwa wamekaa ubavu kwa ubavu katika chumba cheupe, kila mmoja akitazama upande wake. Binti alisoma taratibu. Msomi alishika nakala yake kwa mikono miwili, akiitikia kwa kichwa pale sauti ya daktari iliposhuka. Dobi hakuwa na karatasi ya kutazama, kwa hiyo alisikiliza. Kura akaisikia, maji ya chumvi, vijiko viwili vya damu, nauli. Halafu binti akafunua ukurasa na kuanza kusoma mahali majina ya wagonjwa yanapofungiwa.

"Hujasema usaha," Dobi akasema.

Binti akaacha kusoma. Akarudi nyuma, akasugua ukurasa kwa kidole, na karatasi mbili zilizoshikana zikaachana. "Nimeruka. Samahani sana, mama." Akamgeukia shahidi. "Dada, kwenye nakala yako ukurasa wa saba upo?"

"Upo."

"Mbona hukunisimamisha? Nisomee hapo unapoanzia, twende pamoja."

Msomi aliutazama ukurasa wa saba muda mrefu kuliko ukurasa wowote unavyostahili. "Nimesahau miwani ya kusomea," akasema.

"Na hiyo ya kichwani ni ya kuendeshea gari?" Dobi akauliza.

Binti alikuwa ameshaelewa, na kwa kuwa alikuwa na adabu, hakumtazama tena Msomi. Alimtazama Dobi. "Mama, uamuzi ni wako. Unamridhia shahidi wako?"

Hapo palihitajika neno moja tu. Angesema namridhia, sahihi ya uongo ingetiwa, na goti lingepata nafasi. Dobi aliikumbuka saruji ya hotelini na sauti ya meneja. Kisha akafikiria huo usaha, uliopita mbele ya mlinzi wake naye akauitikia kwa kichwa.

"Huyu hajui kusoma, daktari. Mimi na yeye tuko sawa, tofauti ni kwamba mimi nilisema mapema."

"Basi nitakusubiri mpaka saa kumi."

Nje, Msomi alimkimbilia, naye kumfikia Dobi hakukuwa kazi ngumu. "Dada, nakuomba. Mtaani wasijue."

"Na yeye? Mumeo hajui?"

"Anajua."

Dobi akasimama. "Tangu lini?"

"Tangu mwanzo. Gazeti husoma yeye, mimi nasikiliza. Nikilala ananigusa aendelee."

Mtu mwingine angemwonea huruma. Dobi alimtazama kuanzia miwani hadi kandambili akakosa hata cha kumtusi. Miaka tisa alikuwa amemchukia mwanamke huyu kwa elimu yake, na elimu yenyewe ilikuwa fremu na vioo viwili. Lakini huyo hakuwa kitu. Kwa miaka kumi na sita fundi wa makochi aliishi na Dobi, na gazeti alilitumia kufungia vitunguu.

Karakana haikuwa mbali, ila kwa goti lile ilimchukua karibu saa nzima. Alimkuta amepiga magoti nyuma ya kochi, misumari midomoni.

"Mama Watoto?" akasema, akiitema mmoja mmoja kiganjani.

"Watoto wana ndevu na mishahara. Vaa shati, unakwenda kunisomea."

"Kukusomea nini? Nina kazi ya mtu hapa."

"Shahidi wangu wa asubuhi ameshindwa. Unataka niseme mbele ya mafundi wenzako ameshindwa nini, au unavaa shati?"

Alivaa shati.

Saa nane na robo alikuwa kwenye kile kiti. Binti alipotaka kuanza, Dobi akamzuia kwa mkono. "Wewe ulisharuka mara moja. Asome yeye, wewe ndiye ufuatishe."

"Ilimradi kila neno lisomwe, mama, na mimi nitaeleza kila ukurasa," binti akasema.

Basi fundi wa makochi akasoma. Kidole kilitangulia, sauti ikafuata kwa mbali. Kwenye maneno marefu alikwama kama mkokoteni, na Dobi akamngoja bila kumsaidia. Ukurasa wa saba alisema usaha. Ukurasa wa kumi na moja alisoma: "Mshiriki anaweza kujitoa katika utafiti wakati wowote, bila kulazimika kutoa sababu."

"Rudia hapo," Dobi akasema.

Akarudia.

"Umeelewa?"

"Nimeelewa," akasema chini chini, masikio yamemwiva.

"Binti huyu anawaambia watu wasiowajua kwamba wakitaka kuondoka waondoke, wasitunge kitu. Mtu mzima na kipara chake alikaa sebuleni akatunga. Endelea."

Akaendelea mpaka wa kumi na nne. Mate yalikuwa yamemkauka, maji hakupewa. Alitia sahihi mahali alipoonyeshwa. Dobi akabonyeza dole gumba kwenye wino, kisha kwenye karatasi, akaliinua taratibu ili alama isisambae, maana wino ulikuwa taaluma yake. Ilikuwa saa kumi kasoro dakika nane. Binti akamwambia sindano ni Alhamisi, na kwamba kompyuta itapiga kura asubuhi hiyo hiyo.

"Kimebaki kitu kimoja, mama. Mtu wa kupigiwa simu kama utazidiwa."

Fundi wa makochi alikuwa ameshatoa simu yake mfukoni. Aliishika mbele, uso umelegea kwa wema wa ghafla.

"Huyu anakwenda zake," Dobi akasema, na alipokwisha kutoka na mlango kufungwa, akataja namba ya binti yake, tarakimu zote kumi, bila kukwama.