Njoo na Kinga

Mwezi wa tisa, Jumamosi asubuhi, nilikuta Wakongo wanne kutoka Yeoville wakiwa juu ya baiskeli kwenye kituo cha mafuta nje ya Johannesburg, tayari kwa barabara za mashambani. Baridi ilikuwa bado inauma. Fundi cherehani wa Tanga, waliyemwalika kwa ujumbe "njoo na kinga", akashuka kwenye teksi, amevaa kofia ngumu na glavu nene.

"Kinga yako iko wapi?" akauliza kiongozi wao.

Fundi akagonga kofia. "Hii hapa, kaka."

"Kinga ya kupanda, ndugu. Ya mapira mbili."

"Hiyo kwetu ni baiskeli. Kinga ni kitu cha kukukinga."

Wakacheka. Fundi hakutulia, mara mguu huu, mara ule. "Wiki nzima nimeinamia cherehani. Sirudi nyumbani Berea."

"Basi uniazime hizi za mikono," kiongozi akasema, akipuliza vidole. "Baridi iko mingi."

"Glavu zinakwenda na mimi."

Kiongozi akatazama vidole vyake, akashuka kwenye baiskeli na kumpa. "Utaenda mpaka pale juu ya kilima tu, urudi. Lete glavu."

Fundi alikuwa ameshaondoka na baiskeli, na glavu mikononi.

Anayesema Kiswahili ni kimoja amwulize kiongozi yule, aliyebaki kituoni bila kinga ya Kikongo wala ya Kitanga.