Kaseti za Baharia na Sauti ya Shemeji

Usinitajie filamu za Wafilipino kama una haraka. Nitakushika mkono nikuketishe, na chai yako itapoa. Watu wananicheka: mama mzima wa Kongo, Ufilipino umeuonea wapi? Nimeuonea saluni, katikati ya mji wa Durban, mwishoni mwa miaka ya tisini, vidole vyangu vikiwa vimejaa mafuta na rasta za watu.

Saluni ilikuwa ya yaya, dada yangu mkubwa. Vita vilipoingia Uvira tulikimbia sisi wawili na begi moja. Bwana yake, shemeji yangu, alibaki nyuma. "Mutangulie," alituambia, "nafunga mlango, nakuja." Mlango gani ule jamani, unaofungwa miaka na miaka!

Shemeji alikuwa na chumba cha video pale Uvira, na kazi yake ilikuwa kutafsiri. Kwa asiyejua, nieleze. Filamu inacheza kwa Kichina au Kihindi, watu wamejaa kwenye mabenchi, naye anasimama kando ya televisheni, anasema kwa Kiswahili kila kinachosemwa, na mengine mengi ambayo hayakusemwa. Lugha zenyewe hakujua hata moja. Kila mara alianza hivi: "Mwenye kukohoa akohoe sasa. Mwenye kulia angoje, nitamwambia." Na kweli tulingoja, machozi yamefika hapa, tumejikaza, mpaka ifike sehemu yenyewe, naye aseme polepole, "Haya, sasa mulie." Chumba kizima kilikuwa kinalia kama msibani. Mimi aliniwekea nafasi benchi la mbele, na hakuna mtu aliyethubutu kuikalia. Sauti ile niliitamani Durban kuliko samaki wa kwetu, kuliko hata nyumba yetu.

Sasa, upande mmoja wa saluni tulikuwa na chumba cha simu, na mabaharia waliotoka bandarini walikuja kupiga kwao. Mmoja alikuwa Mfilipino, mfupi, mcheshi, meli yake ikirudi kila baada ya muda. Akingoja zamu yake aliona televisheni na mashine ya video tuliyowawekea wateja, na aliporudi akaja na mfuko wa kaseti. Alitueleza kwa Kiingereza chake, nasi tukasikiliza kwa Kiingereza chetu. Dada yake alifanya kazi huko Manila kwenye kampuni kubwa ya burudani, akipanga kaseti kwenye maboksi. Kampuni hiyo inatengeneza filamu, alisema, ina vipindi vya televisheni, inarekodi nyimbo, na mwisho inakufungia vyote kwenye kaseti ukaangalie kwako. Alivyojivuna, ungedhani ni ya baba yake.

Kaseti zote zilianza sawasawa: kengele kubwa inayumba, tarumbeta zinalia, halafu dada mmoja anaimba wimbo wa kampuni hiyo hiyo, halafu ndiyo filamu. Rangi zilikataa kuonekana kwenye televisheni yetu, picha ikawa nyeusi na nyeupe. Hatukujali. Tarumbeta zilipolia tu nilisimama kando ya televisheni, kitana mkononi, nikafungua kinywa: "Mwenye kukohoa..."

"Nyamaza!" Yaya alinirushia taulo. "Hapa hakuna mutu atatafsiri. Mwenye kazi iko njiani."

Basi ikawa sheria ya saluni. Wengine walidhani ni utani. Mimi nilimwona macho yake, nikarudi kusuka. Kumtafsiria mtu filamu mahali pa shemeji ilikuwa sawa na kusema shemeji haji.

Kwa hiyo tuliangalia bila kuelewa neno, kila mtu na tafsiri yake moyoni. Na kwa kuwa kengele ilikuwa ile ile, nyuso zile zile, na yule dada wa wimbo ndiye aliyeolewa kwenye filamu, sote tuliamua kwamba kaseti zote ni hadithi moja ndefu. Kwenye kaseti ya pili bwana wa yule dada, mwanaume wa nyusi nzito, alizikwa mchana kweupe, jeneza tuliliona. Tulisikitika sana. Tukaweka ya tatu. Nani huyu anaendesha teksi, ana masharubu? Ni yeye!

"Munaona!" Yaya aliruka mpaka mteja akashika kichwa. "Amerudi! Ameota na masharubu!"

"Aki si walimzika?" akauliza mwanafunzi wa Kenya aliyekuwa akisukwa, msichana wa chuo kikuu.

"Walizika mutu mwingine. Vita, dada. Watu wanakosea."

Hakukuwa na vita kwenye filamu ile. Siku hiyo yaya alipika sombe, kisamvu cha kwetu, akatulisha sote, wateja na mwanafunzi, akaimba ule wimbo wa kampuni kwa maneno ya kubuni. Sikuwahi kumwona na furaha ile tangu Uvira. Wiki ile alinunua shati la kiume, akalitundika nyuma ya mlango.

Meli iliporudi tulimsimulia baharia hadithi yetu. Alicheka, akajipiga mapaja. Hapana, hapana, alisema. Kampuni ni moja, hadithi ni mbalimbali. Wale ni wacheza filamu wake, inawatumia huku na kule: mtu anakufa kwenye hii, anaoa kwenye ile. Mwanafunzi akasema, "Si nilijua!" Mimi nilimtazama yaya. Alikuwa akikunja taulo iliyokwisha kukunjwa.

"Baharia anajua nini?" alisema alipoondoka yule bwana. "Ajue maji."

Na kila aliyeuliza aliendelea kuambiwa kwamba yule wa nyusi nzito alirudi.

Halafu ikaja Jumamosi moja, saluni imejaa, simu ikalia. Ilikuwa Kigoma, mama mmoja jirani yetu wa Uvira aliyefika kambi ya wakimbizi. Yaya aliingia chumba cha simu, nami nilikuwa karibu na pazia.

"Ndiyo, ni mimi," alisema. Akasikiliza. "Wapi?" Akasikiliza tena. "Nani alimuzika?" Na mwisho, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Aksanti, mama. Mungu akubariki."

Alitoka, akamalizia kichwa cha mwanafunzi wa Kenya pale pale alipokuwa ameachia, rasta moja baada ya nyingine, bila kukosea mstari. Nilitaka kumkumbatia, akanikwepa kwa bega. Akanawa mikono. Akachagua kaseti ya pili, akaiingiza kwenye mashine. Kengele ikayumba, tarumbeta zikalia. Yaya akaenda akasimama kando ya televisheni.

"Mwenye kukohoa akohoe sasa," akasema. "Mwenye kulia angoje, nitamwambia."

Nilikaa kwenye ndoo.

Alitafsiri vibaya, maskini. Sauti ndogo, anachelewa, mwanaume anaongea yeye anasema maneno ya mwanamke. Wateja walicheka wakafurahi, hawakujua kitu. Lakini aliendelea, na polepole nikaanza kumsikia shemeji ndani ya sauti yake: pale anaponyoosha neno, pale anaponyamaza kabla ya habari mbaya. Jeneza likafika. Mwanafunzi, akijitazama kwenye kioo, akasema, "Huyo msimlilie, si atarudi kwa ile ingine?"

"Hapana," yaya akasema. "Huyu amekufa. Yule wa teksi ni mutu mwingine, wanafanana tu."

Akageuka akatutazama, mgongo wake umefunika picha.

"Haya," akasema. "Sasa mulie."