Minyoo ya Mwanangu wa Pili

Mtoto wangu wa kwanza alifia mgongoni mwangu. Tulikuwa njiani kwenda zahanati, mimi na mama mkwe, tumbo la mtoto limevimba na kukaza kama ngoma, na mpaka leo sijui ni wakati gani hasa aliniacha. Waliomzika walisema ni minyoo. Ndiyo maana siku nilipoona vile vitu vyeupe kwa binti yangu, nilipiga kelele.

Tulikuwa tumeshahamishiwa kwenye kijiji cha ujamaa. Zamani kila mtu wa kwetu Nyanungu alikaa kwenye mji wake, na ng'ombe wake, na kilima chake. Sasa nyumba zilipangwa mistari, ukikohoa jirani anakupa pole. Mume wangu alikuwa amekwenda Mugumu kutafuta kazi ya ujenzi. Nyumbani tulibaki mimi, mama mkwe, na huyo binti, ambaye maneno yake ndiyo kwanza yalianza kueleweka. Alilala na bibi yake kwenye ngozi moja ya ng'ombe.

Kwa muda alikuwa halali vizuri. Alisaga meno, akajinyonganyonga, akalia bila kuamka. Mchana alikuwa mkali kwa kila mtu, na mkono haukumtoka nyuma ya gauni. Nilidhani ni viroboto. Nilipiga ile ngozi kwa fimbo mpaka mkono ukaniuma, nikamwaga majivu pembeni mwa kuta. Kisha asubuhi moja alilia kama aliyeungua. Nilimtoa nje kwenye mwanga, nikamlaza magotini, nikamwangalia. Walikuwa pale nyuma, wembamba kama uzi wa kushonea, na walikuwa wanatembea.

Mama mkwe alisikia nilivyopiga kelele, akaja. Alitazama mara moja tu, akamfunika mtoto kwa kanga.

"Ni kama yule," alisema.

"Mama, naomba nimpeleke zahanati."

"Na yule ulikuwa unampeleka wapi?"

Tangu tulipomzika yule mtoto hatukuwahi kumtaja. Wala mama mkwe hakusema kwa ubaya. Alichukua jembe akaenda porini kuchimba mizizi, ile michungu ambayo hata mtu mzima akinywa anaharisha siku nzima. Niliogopa minyoo, nikaogopa na ile mizizi. Nilimtazama binti yangu, mbavu zake zinahesabika, nikajiuliza akiharisha hivyo atabaki na nini. Mama mkwe alikuwa hajapotea machoni nilipomfunga mtoto mgongoni nikaondoka.

Kwenye njia panda nilikutana na balozi wetu wa nyumba kumi, jembe begani, anawapeleka watu kwenye shamba la kijiji.

"Shikamoo," nilimwamkia.

"Marahaba. Mbona unaelekea huko? Leo ni zamu ya mstari wenu."

"Mtoto anaumwa."

Alimchungulia mtoto, akaniangalia mimi. Alikuwa miongoni mwa waliochimba kaburi la mtoto wangu wa kwanza. "Nenda, mama," alisema, akasogea kando.

Njia ilikuwa ileile. Kuna mahali inashuka kwenye kijito, halafu inapanda penye mawe makubwa, na ni pale kwenye mawe, safari ya kwanza, ndipo mama mkwe aliniambia nimshushe mtoto. Nilipokaribia pale binti yangu akanyamaza. Alikuwa ananung'unika tangu nyumbani, sasa kimya. Nilimwita hakuitika. Sikuthubutu kumfungua. Niliogopa kwamba nikifungua kanga nitaona kile nilichokiona siku ile. Nilipeleka mkono nyuma nikamfinya paja kwa nguvu, akapiga ukelele uliorudi kutoka mlimani. Nami nikaanza kulia, tukapanda yale mawe wote wawili tunalia.

Zahanati ilikuwa na chumba kimoja na benchi nje. Mganga wake, ambaye sote tulimwita daktari, alikuwa mtu wa upande wa ziwa, hajui Kikurya, na Kiswahili changu kilikuwa cha kuokoteza. Alipomshika mtoto, mtoto akanigeukia akilia, "Baba! Baba!"

"Baba yake yuko wapi?" daktari aliuliza.

"Ananiita mimi. Kwetu baba ndiyo mama."

Alicheka kidogo, na kicheko chake kikanichoma. Nilimwambia, "Usicheke. Wanamla. Wameshaniulia mmoja."

Akaacha kucheka. Aliniuliza habari za yule wa kwanza, nikamweleza lile tumbo, homa, na kutapika. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Mama, siwezi kujua nini kilimuua yule," alisema. "Lakini hawa hawaui. Mtoto akilala wanatoka nje kutaga mayai, ndiyo maana anawashwa. Akijikuna, mayai yanaingia kwenye kucha. Akitia mkono mdomoni, anameza wengine. Mayai yanabaki hata kwenye nguo na pale anapolala." Kisha akauliza, "Na wewe unawashwa?"

Niliangalia chini. Nilikuwa nawashwa.

"Basi mtakunywa nyumba nzima, siku moja, na baada ya wiki mbili mnarudia. Mkikosa mmoja, mmefanya kazi bure."

Alinimiminia dawa ya maji ya mtoto kwenye chupa, akanifungia vidonge vya wakubwa kwenye karatasi, vya mara zote mbili. Kucha zikatwe fupi. Mtoto avae chupi akilala, aoshwe kila asubuhi. Nguo za kulalia zichemshwe.

Nilirudi nikamkuta mama mkwe amekaa mlangoni, mizizi imeshachemka. Nilipiga magoti nikamweleza yote. Alisikiliza, lakini nilipompa vidonge alivisukuma.

"Mimi si mtoto. Sina minyoo ya watoto."

Siwezi kumlazimisha mama wa mume wangu. Nilimpa mtoto dawa, nikameza zangu, nikaanza kazi. Nilimkata kucha kwa wembe huku amenuna. Sabuni haikuwepo, duka la kijiji lilikuwa na chumvi na viberiti tu, kwa hiyo nilichemsha kanga na magauni kwa maji ya majivu. Jioni mtoto akatapika. Mama mkwe alisimama juu yangu, ameshika chungu cha mizizi.

Usiku huo nilimlaza mtoto karibu yangu, na kulipokucha alikuwa mzima. Siku zilizofuata alitulia. Alipoanza kucheza akarudi kwenye ngozi ya bibi yake, maana alilia kila nikimkataza. Haikupita muda akaanza tena kujikuna. Nilimwangalia asubuhi nikawaona tena. Nilijua sasa hakuna dawa. Nilijua nitamzika na huyu.

Nilitoka nje nikamwambia mama mkwe, "Mama, leta mizizi yako."

Hakuinuka. Alikuwa anapepeta ulezi, akauweka ungo chini.

"Yule daktari alisema mkikosa mmoja, kazi bure?"

"Ndiyo, mama."

Kisha akasema polepole, amenipa ubavu, "Na mimi nawashwa. Tangu zamani. Niliona aibu." Akafuta macho kwa ncha ya kanga. "Yule wa kwanza pia nililala naye mimi. Nikisema ninao, si ndiyo kusema mimi ndiye niliyemuua?"

Nilimwambia yale niliyoambiwa, kwamba daktari hajui nini kilimuua yule, lakini hawa hawaui. Sijui kama aliamini. Hata mimi nilikuwa bado siamini. Lakini alinyoosha mkono, nikamletea vidonge na maji. Siku ile tulikunywa wote, mimi na mtoto mara ya pili na yeye ya kwanza, mbele ya macho ya kila mmoja. Tuliitoa ile ngozi tukaisugua kwa majivu, tukaianika juani, na mama mkwe mwenyewe ndiye aliyeshika kazi ya kukata kucha, zake kwanza. Wiki mbili zilipotimia nilirudi zahanati kuomba dawa nyingine, kwa kuwa mimi na mtoto zetu tulikuwa tumezimaliza, tukanywa tena wote watatu.

Asubuhi moja baada ya hapo niliamka jua limeshapanda. Sikusikia kilio, sikusikia meno yakisagwa. Nilikimbilia walikolala, nikamwinamia binti yangu na kuweka sikio kifuani pake. Alifumbua macho kwa hasira akanipiga kofi la shavu.

"Mwache mtoto alale," mama mkwe alisema, akavuta kanga akamfunika, naye akageukia ukutani akaendelea na usingizi wake.