Mchanga wa Bure kutoka Katonga

Elfu thelathini na nane na mia tano. Nimehesabu mara mbili, mara ya pili nikianzia mwisho kurudi mwanzo, kama ninavyohesabu chenji ya mtu nisiyemwamini, na jibu limekataa kubadilika. Humo kuna unga, siagi, majarini, sukari, zabibu, mananasi mawili, karanga, mkaa na pikipiki. Mchanga haumo. Mchanga ulikuwa bure, na huo wa bure ndio ulioniumiza.

Nianze na sahani, maana bila hiyo sahani nisingeoka kitu chochote. Mimi nauza vitenge. Krismasi kwangu ni pilau, kuku mmoja aliyekataa kushuka bei, na usingizi wa mchana. Sahani ni ya jirani yangu hapa Kasingirima, Ujiji, mama wa Kiislamu ambaye ukuta wake na wangu ni mmoja. Amenizidi miaka kama kumi, kwa hiyo namwita dada, naye ananiita mdogo wangu, hata siku anaponitukana. Ni sahani nyeupe yenye maua ya bluu, na ina pengo dogo ukingoni ambalo kila mmoja wetu anasema lilipatikana nyumbani kwa mwenzake. Idi inakuja kwangu, Krismasi au Pasaka inarudi kwake. Haijawahi kurudi tupu, wala haitarudi tupu. Sahani ya jirani hairudishwi tupu, hilo hata asiyejua kusoma analijua. Imefanya hivyo miaka kumi na tisa.

Kwa idadi ya safari, mimi na yeye tuko sawasawa. Kwa vilivyomo sijawahi kumkaribia. Yeye huleta visheti, vileja, kashata, maandazi madogo ya iliki, aina sita zimepangwa kama dirisha la duka. Mimi napeleka pilau. Kila mwaka anafunua kawa, anatazama, anasema, "Pilau! Nani angedhani."

Halafu kuna mwaka niliovunjika mguu. Mwaka ule sahani ilikuja siku thelathini na tatu mfululizo na hapakuwa na sikukuu yoyote. Nina uhakika ni thelathini na tatu kwa sababu nilikuwa kitandani, sina kazi nyingine ila kuhesabu. Niliirudisha na nilichokuwa nacho: embe, ndizi mbili, siku moja kiberiti. Hakuwahi kulitaja jambo lile, na mtu akikufanyia wema halafu asiutaje, hapo ndipo unapobaki nao rohoni kama mfupa kooni.

Basi mwezi huu wa kumi na mbili akaniita ukutani akaniambia anahama. Mwanawe wa Dodoma amemjengea chumba.

"Unakwenda kutembea," nikamwambia.

"Nakwenda kukaa. Nyumba naipangisha. Treni ni siku ya pili baada ya Krismasi yenu."

Sahani yake ilikuwa kabatini kwangu tangu Idi ya kuchinja. Nikaiangalia usiku ule nikaona wazi: hii ni safari yake ya mwisho kuvuka ukuta, na nikiipeleka na pilau, pilau ndiyo itakuwa hesabu ya kufungia miaka kumi na tisa. Nilitaka mara moja tu nimzidi. Au tulingane, basi. Kulingana kungenitosha.

Binti yangu yuko Mwanza na ni fundi wa vitu vya kuoka. Akanitumia maelezo kwa sauti kwenye simu: chini biskuti ya siagi, katikati matunda yaliyopikwa mpaka yakawa mazito, juu chengachenga za unga na siagi, ukitoa unakata vipande kama matofali madogo. Vina jina refu la Kizungu. Mimi niliviita vipande. Akamalizia, "Mama, ni rahisi mno." Maneno hayo yameshanigharimu fedha nyingi maishani.

Siagi halisi robo kilo elfu nane. Nilimuuliza mwenye duka kama ng'ombe mwenyewe yumo. Nikaongezea majarini ya elfu tano ili kiasi kitimie. Zabibu kavu pakiti moja elfu nne na mia tano, na pakiti yenyewe nusu yake ni hewa, kwa hiyo ya pili sikununua. Nilikuwa na tende kwenye kopo juu ya kabati, nilizogawiwa mwezi wa Ramadhani na huyohuyo jirani. Zilikuwa bado nzima, na tende ni tende. Nikazitoa kokwa, nikazikatakata, nikazichanganya na nanasi. Sikuona ubaya wowote, na mpaka leo nauona mdogo tu.

Tatizo likawa jiko. Oveni sina. Natumia sufuria kubwa ya pilau: mchanga chini, trei juu ya mchanga, mfuniko, mkaa chini na mkaa juu. Fundi wa mtaa wa pili anauza mchanga uliochekechwa, ndoo elfu mbili. Nikamtajia mia nane. Akashuka mpaka elfu moja na mia tano akasimama kama nguzo.

Binti kwenye simu: "Basi tumia chumvi mama, kilo tatu hivi."

"Kilo tatu za chumvi ya Uvinza niziunguze chini ya sufuria, zisiliwe na mtu?"

"Mama, si tumelipa siagi elfu nane?"

"Tumelipa nani na nani?"

Siku mbili kabla ya sikukuu nikaenda Katonga kwa wavuvi kununua samaki, migebuka. Pale ufukweni nikauona mchanga mweupe, laini, mkavu, kana kwamba kuna mtu ameuchekecha kwa ajili yangu. Kulikuwa na mama mmoja anageuza dagaa wake juani. Nikamuuliza kama mchanga ule unauzwa.

"Mchanga?" Akanitazama kuanzia kandambili mpaka kilemba. "Chukua, mama. Ziwa lina mwingine."

Nikajaza mfuko. Dagaa niliwaona, siwezi kusema sikuwaona. Walikuwa wametandazwa juu ya mchanga uleule, hatua tatu kutoka nilipokuwa nachota. Lakini mtu wa Kigoma kumwona dagaa ni kama kuliona wingu, huliulizi limetoka wapi. Harufu yake hatuisikii tena. Wageni ndio wanaotukumbusha.

Mwenye pikipiki akaupima mfuko kwa mguu. "Mama, mzigo gani huu?"

"Mchanga."

"Unatoka nao Katonga unaupeleka Ujiji? Ujiji mchanga umekwisha?"

"Kazi yako kuendesha, baba."

"Haya. Wewe elfu nne. Huyu mwenzako elfu moja."

"Mwenzangu nani?"

"Mchanga. Ana uzito wa abiria."

Nilishuka, nikapanda, nikashuka tena, nikajifanya naondoka. Hakugeuka hata shingo, na mfuko ulikuwa ushaanza kunikata vidole. Nikalipa elfu tano. Njiani nilipiga hesabu mara mbili: bila mchanga ningerudi kwa gari kwa mia saba. Yaani mchanga wa bure ulikwisha kuuzidi wa fundi kabla hata sijawasha mkaa. Sikumwambia mtu.

Mkesha wa Krismasi, saa nane mchana, nikaanza. Unga na siagi vilishikana vizuri, nikavigandamiza kwenye trei, nikaweka ndani. Dakika kumi hazijafika, uani pakajaa harufu ya dagaa. Nikafikiri, kumbe dada leo anakaanga dagaa. Nikasikitika kidogo kwa niaba yake, mtu wa kusafiri anamaliza vya jikoni. Nikamwaga matunda, nikanyunyiza chengachenga, nikarudisha trei motoni. Harufu ikazidi. Nikasema moyoni, huyu anakaanga debe zima.

Sauti ikatoka juu ya ukuta. "Mdogo wangu!"

"Abee, dada."

"Mwaka huu Krismasi ya dagaa? Pilau imekushinda?"

"Dagaa si wako?"

"Mimi? Mimi nimefunga sufuria zote kwenye kiroba tangu asubuhi."

Nikafunua mfuniko. Sihitaji kueleza harufu ilikotoka.

Lakini raundi ya kwanza ilikwisha kuiva, na ya pili ilikuwa imeshapangwa kwenye trei nyingine, siagi ya elfu nane imo ndani yake. Ukitupa, umetupa. Ukioka, huenda. Nikaoka. Nikapata vipande ishirini na nne na ishirini na nne, arobaini na nane, nikahesabu tena, arobaini na nane. Kwa macho vilikuwa vizuri kuliko chochote nilichowahi kutoa jikoni: rangi ya dhahabu, nanasi linang'aa pembeni, karanga juu. Nikaonja kimoja. Kwanza ikaja siagi. Ikafuata tende na nanasi, nikaanza kutabasamu. Nilipomeza, ikaja Katonga.

Nikampigia binti.

"Mchanga uliuosha?"

"Hukusema nioshe."

"Mama, na kuukaanga kwanza peke yake, utoe harufu?"

"Ulisema ni rahisi mno. Hayo yote hayamo kwenye rahisi mno."

"Sasa nifanye nini mimi niko Mwanza?" Nikasikia anacheka, amefunika simu kwa kiganja, kama vile kiganja kinazuia kitu.

Nikavitandaza juani mpaka jua likazama. Nikavinyunyizia mdalasini, nikavifukiza kwa iliki. Vikawa vinanukia mdalasini, iliki na dagaa. Maduka ya siagi yalikwisha kufungwa, na hata yangekuwa wazi, elfu nane nyingine sikuwa nayo. Nikalala nikiwa nimekata shauri: kesho naipeleka sahani na pilau, aseme anavyosema kila mwaka, aende zake Dodoma, tumalizane hivyohivyo.

Hakusubiri nimpelekee. Siku ya Krismasi alasiri alipiga hodi mwenyewe, jambo asilolifanya, maana siku zote tunamalizana ukutani. Nikamwamkia, akaitikia, akabaki amesimama.

"Nimekuja kufuata sahani yangu. Nafunga vyombo."

"Kaa kwanza, dada. Pilau inaiva."

"Nani angedhani," akasema, akakaa. Pua yake ikageuka kabla ya macho. Ile trei nilikuwa nimeiweka juu ya kabati chini ya khanga. "Na kile?"

"Kile si kitu."

"Kisicho kitu mtu hakifuniki khanga nzima."

Akainuka, akafunua, akachukua kimoja, na mimi nimeshika mwiko. Alitafuna polepole, macho yakitazama dari. Akala chote. Akachukua cha pili.

"Tende hizi nazijua," akasema.

Akalamba kidole.

"Na huyu dagaa naye namjua. Ni wa Katonga."

"Dada, ni mchanga. Dagaa sijaweka."

Nikamwambia yote, mchanga, pikipiki, na abiria wa elfu moja. Alicheka mpaka akashika ukuta, mtandio ukamwanguka. Nami sikucheka. Nilichukua sahani, nikaifuta, nikaanza kumpangia vipande, kumi na viwili, vile vilivyonyooka kuliko vingine. Nikafikiri angalau amecheka. Angalau si pilau. Nikamnyooshea kwa mikono miwili.

Akavitazama. Akatoa mfuko wa nailoni kiunoni, akavimimina vyote kumi na viwili ndani, akafunga fundo. Kisha akanirudishia sahani.

"Hivi ni vya njiani," akasema. "Havihesabiki."

"Havihesabiki vipi? Nimevioka mimi!"

"Tende zangu, na dagaa wa watu wa Katonga. Chako kipi humo?"

"Siagi! Elfu nane! Nanasi!"

"Mdogo wangu, miaka yote hii hujawahi kunipa kitu kibaya kama hiki. Sahani yangu haiwezi kurudi na hiki. Kaa nayo. Siku ukipata cha kuweka, nilipo unapajua."

"Dada, Dodoma si ukutani."

"Ndiyo. Kwa hiyo usikae sana."

Pilau hakuisubiri. Alikuwa na vyombo vya kufunga. Mlangoni aligeuka akautazama mguu wangu, ule uliovunjika, kama mtu anayekagua kitu alichokitengeneza zamani, akasema nisiukalie vibaya nikiwa kwenye treni. Kesho yake na kesho kutwa yake sikumwona ila mgongo, kati ya viroba. Sasa nyumba wamo wapangaji, vijana wawili, wapole. Hawana sahani, wanakula kwenye vifuko.

Vipande vilibaki thelathini na tatu. Hesabu ndiyo hiyo: kimoja nilionja, viwili alikula palepale, kumi na viwili akabeba. Idadi ileile ya siku za mguu, na mimi si mtu wa kuamini mambo hayo, kwa hiyo nilihesabu tena. Niliwapa wapangaji kumi. Wakashukuru, wakauliza kama ni chakula cha asili cha Kigoma.

Sahani iko kabatini. Nauli ya treni nimeiuliza, kwenda na kurudi, na aliyeniuzia maneno hayo dirishani hapunguzi hata mia. Kwa hiyo naomba ushauri kwa yeyote aliyewahi kupeleka vitu vya siagi mpaka Dodoma visifike unga: vifungwe kwa kitu gani, na sahani ya udongo ibebwe mkononi au iingie kwenye nguo? Chumvi ya Uvinza nimeshanunua, kilo tatu, bei sitaji. Na anayejua dawa ya kutoa Katonga kwenye sufuria ya pilau aniambie pia. Asiniambie tu kwamba ni rahisi mno.