Moto, Mafuta, Pumzi

Watu wa kijiji chetu wakikosa la kusema, humsema Addi. Wakikaa na glasi zao za chai kwenye kivuli cha ukuta wa msikiti, mmoja ataanza: yule fundi aliyemuua mama yake kwa plagi moja. Wengine watatikisa vichwa, watasema la haula, watamimina glasi ya pili. Addi mwenyewe akipita hapo hutoa salamu, nao humwitikia vizuri tu, maana kumsengenya mtu hakujawahi kumzuia mtu kuitikia salamu. Ni fundi mzuri siku hizi. Katika sanduku lake la spana kuna kipande cha kitambaa cheusi ambacho hafutii mafuta, na hakuna aliyewahi kumuuliza kwa nini. Mimi nitalisema jambo lilivyokuwa, kwa sababu maneno ya pale ukutani yamenichosha.

Addi alizaliwa hemani, kifungua mimba wa Itto, na mpaka alipofika miaka arobaini na mbili alikuwa mtu wa ngamia kama marehemu baba yake. Kisha watalii, waliokuwa wakipanda ngamia, wakaingiwa na wazimu wa kwadi, zile pikipiki za magurudumu manne manene zinazopanda vilima vya mchanga kwa makelele. Ngamia wakakaa bila kazi. Hoteli moja ikawa inauza kwadi yake kuukuu, nyekundu, kiti kimechanika. Addi akauza ngamia wake wote watatu akainunua.

"Chuma hakizai, kaka," mdogo wake Haddou, aliyeng'ang'ania ngamia wake, alimwambia.

"Wala hakili majani," Addi akamjibu.

Mama yao aliizunguka ile kwadi mara moja, akasema, "Ngamia akichoka anakwambia. Hii itakwambia nini?"

Basi Addi akaenda mjini Rissani, kwa fundi mzee aitwaye Brik, akajifunza ufundi kwa miezi mitatu. Mtu mzima, ana ndevu zenye mvi, anashikishwa tochi na kutukanwa. Brik alimfundisha kwa maneno machache. "Injini ina shida tatu tu duniani: moto, mafuta, pumzi. Ikikukatalia, iulize moja moja. Na usije ukaiwasha kisanduku cha hewa kikiwa wazi! Huku kwetu mchanga unaelea hata siku isiyo na upepo. Ukiuingiza kifuani mara moja tu unatafuna silinda, na wewe utaniletea vyuma chakavu hapa ukilia." Katika yote aliyoyasikia gereji, hilo la mwisho ndilo Addi alilolishika kuliko yote.

Itto alikuwa bado hemani, kilomita arobaini kutoka kijijini, kwenye uwanda wa mawe. Mvua ilikuwa haijanyesha mwaka wa sita. Kisima chake kilikuwa kimekauka na majirani walikuwa wamehama, lakini yeye alikataa kuja kukaa kwenye nyumba ya udongo. "Ukuta unanibana," alisema, na mjadala ukaishia hapo. Kwa hiyo kila siku ya tano Addi alimpelekea madumu sita ya maji, yake na ya mbuzi kumi na mmoja. Ngamia angetumia kutwa nzima kufika kule. Kwadi ilitumia saa moja na nusu, na Addi hakuwahi kumwacha Haddou aisahau tofauti hiyo.

Alhamisi moja alifika mapema. Walipokuwa wanashusha madumu, mama yake akaweka kiganja juu ya injini iliyokuwa bado ya moto.

"Hii nayo inapumua?"

"Inapumua sana, Mama. Kuliko mimi na wewe."

"Kwa wapi?"

Addi alikuwa mwanafunzi mpya, na hakuna kitu kitamu kwa mwanafunzi mpya kama kuulizwa. Alifungua kifuniko kidogo mbele ya tangi, akamwonyesha mdomo wa bomba. "Hapa. Inavuta hewa hapa, inapita huku chini, inaingia kwenye kisanduku."

"Na vumbi lote hili?"

"Ndani kuna chujio."

"Ndani," alisema Itto. "Mtu hangoji vumbi lifike ndani."

Addi akacheka. Akala mkate na samli, akanywa chai yake, akalala usingizi wa mchana. Alipoamka, mama yake alikuwa anasuka kamba nje ya hema, uso umetulia. Akampa dua ya safari. Njiani kurudi kwadi ilihema kidogo kwenye mchanga wa mwisho, naye akailaumu petroli.

Jumanne akapakia tena madumu sita. Hakufika mbali. Kwenye mwinuko wa kwanza injini ilikohoa, ikatema moshi mweusi, ikazima. Akiiwasha na kuiacha ingurume polepole, inanguruma vizuri. Akibonyeza mafuta, inamisi na kufa. Hapo palitakiwa kitu kimoja tu: aende kwa Haddou, hatua mia mbili kutoka kwake, amwambie, ndugu yangu, chuma kimenishinda, mpeleke ngamia kwa Mama. Addi hakwenda. Aliisukuma kwadi akaingilia nyuma ya mitende ili asionekane, akaiegesha uani, akamwaga petroli yote, akatia nyingine. Kesho asubuhi, alijiambia.

Kesho asubuhi upepo ulianza. Ulivuma Jumatano, Alhamisi na Ijumaa, mchanga unaingia hata ndani ya kibuyu kilichofungwa, na hakuna mtu wala ngamia aliyetoka. Siku hizo tatu hapakuwa na lawama kwa yeyote. Addi alilifua chujio la hewa kwa mafuta ya taa, akalikausha, akalirudisha, akaswali, akasikiliza mlango unavyogongwa na upepo. Mama yake alikuwa na maji ya siku tano. Alizihesabu mara nyingi na kila mara zilikuwa tano.

Jumamosi kulipambazuka kumetulia. Kabla jua halijachomoza vizuri alikuwa ameshakitoa kiti, ameshika bisibisi. Akauliza moto: akaichomoa plagi, akaigusisha kwenye chuma, akapiga stata, cheche ikaruka, ya buluu, nzuri. Lakini plagi yenyewe ilikuwa nyeusi ti. Akaisugua, akairudisha. Kohokoho ile ile.

Haddou akapita na ngamia wake wanne, anawapeleka hotelini.

"Salamu aleikum, kaka. Naona leo unakizalisha."

"Kinakaribia," alisema Addi bila kuinua kichwa.

"Kikitoka cha kiume mpe jina langu. Mama hajambo?"

Haddou alijua kwamba maji yalitakiwa kwenda Jumanne, na Jumanne alikuwa amemwona kaka yake anatoka kijijini na madumu. Hakumwona akirudi kwa nyuma ya mitende. Na swali lile kila mtu huliuliza, na jibu lake huja lenyewe mdomoni hata kama nyumba inaungua.

"Hajambo," Addi akasema.

Haddou akamshukuru Mungu, akawavuta ngamia wake, akaenda. Neno moja! Ningekuwa pale ningemtia kofi la mdomo, na baadaye ningelia naye. Wahenga walisema mficha maradhi, kilio humfichua, na Addi aliijua methali hiyo tangu utoto, lakini kuijua methali si kinga.

Tena msidhani alikuwa hampendi mama yake. Hesabu ndiyo iliyomponza. Ngamia akitoka sasa atafika jioni, alijiambia. Kwadi ikipona ndani ya saa moja, nitafika kabla ya adhuhuri. Saa ikapita. Akaipiga tena: ngamia akitoka sasa atafika usiku, kwadi ikipona ndani ya saa moja, nitafika alasiri. Kila alipochelewa yeye, ngamia naye alichelewa pamoja naye, na kwadi ikawa inashinda kila mara, pale pale uani, bila kusogea.

Akauliza mafuta. Alifungua kabureta, akazipuliza tundu zake, akaifunga, akawasha. Moshi mweusi. Akampigia simu Brik.

"Plagi rangi gani?" Brik aliuliza.

"Nyeusi, fundi. Kama tako la sufuria."

"Basi inakunywa mafuta kuliko inavyopata hewa. Chujio umelitazama?"

"Safi kabisa. Nimelifua Jumatano."

"Basi pumzi iko sawa. Kabureta hiyo. Isafishe tena, kwa sindano, si kwa mdomo. Na kisanduku?"

"Sijakiacha wazi hata mara moja."

"Mwanamume! Ukimaliza nipigie."

Akasafisha tena, kwa sindano. Jua likatua Jumamosi ile naye ana kabureta mkononi. Aliinuka, akaenda mpaka mlango wa Haddou, akasikia ndani watoto wanacheka na mdogo wake anaimba kwa sauti yake mbaya. Akasimama. Angeanzaje? Angesema "hajambo" ya asubuhi ilikuwa nini? Akarudi nyumbani, na ninavyomjua, hakulala.

Jumapili alianza upya, moto, mafuta, moto, mafuta, mpaka vidole vikatoka damu. Kufika adhuhuri alikuwa hana tena cha kufungua. Akamtukana Brik kwa sauti, akajitukana mwenyewe, kisha akafanya lile alilokatazwa: akang'oa kifuniko cha kisanduku cha hewa, akapiga stata, akabonyeza mafuta.

Kwadi ikanguruma. Ikanguruma mpaka kuku wa jirani wakaruka ukuta.

Akaizima upesi. Basi ni pumzi. Ni pumzi tangu mwanzo, na chujio ni safi, kwa hiyo kizuizi kiko huko mbele, kabla ya kisanduku. Mtaka cha mvunguni sharti ainame: akapiga magoti, akalifuata bomba kwa vidole kutoka chini ya kiti mpaka mbele ya tangi, akafungua kile kifuniko kidogo.

Mdomo wa bomba ulikuwa umefungwa kitambaa. Cheusi, kimekunjwa mara mbili, kimejaa vumbi laini mpaka kimekuwa kigumu. Alikijua. Kilikatwa kwenye pindo la kilemba cha baba yake, alichokuwa akifunika mdomo nacho kwenye upepo. Na fundo alilijua, fundo la mama yake la kufungia mdomo wa kiriba cha maziwa, analolifunga yeye peke yake. Huku kwetu mtu akitoka kwenye vumbi bila kufunika mdomo, watu huuliza alilelewa na nani. Itto alikuwa amemlea na huyu wa chuma vizuri, wakati mwanawe amelala.

Addi alilikata fundo kwa kisu, maana halikufunguka. Akakitia kitambaa mfukoni, akapakia madumu sita, akaondoka. Mwinuko wa kwanza aliupanda kana kwamba haupo. Haddou alimwona kwa mbali kutoka hotelini, akampungia mkono.

Mbuzi watano walikuwa wamelala mbele ya hema, wamekufa, matumbo yamevimba. Wengine hawakuwepo. Itto alikuwa ndani, amelala ubavu, uso kwenye kitambaa cha hema, karibu na ndoo kavu. Alikuwa hai. Addi alitaka kumnywesha lakini maji yalimwagika pembeni mwa mdomo, hayakupita. Akatafuta kitambaa cha kuloweka, asipate kilicho karibu ila kile cha mfukoni. Akakikung'uta, akakilowesha, akamdondoshea matone kwenye midomo, tone baada ya tone.

Itto alifumbua macho, akakitazama kile kitambaa.

"Umekivua," alisema. Sauti ilikuwa kama kukwaruza. "Itakula vumbi."

"Nimekivua mara moja tu, Mama. Nikulowanishe midomo."

"Kilikusaidia?"

"Kilinisaidia sana."

"Kirudishe."

"Nitakirudisha."

Alikufa kabla ya jua kutua, kichwa kwenye paja la mwanawe, madumu sita yamejaa nje.

Walimzika kesho yake, pale pale uwandani kama alivyokuwa akitaka siku zote. Haddou alikuja na wanaume wa kijiji kwa gari la hoteli. Kaburi likafukiwa, watu wakaanza kurudi kwenye gari. Ndipo akamsogelea kaka yake.

"Ilikuwa na nini?" aliuliza. "Hiyo kwadi yako. Siku zote hizo ilikuwa na nini?"

Addi alikuwa nalo jibu. Lakini aliona litakavyotembea, kutoka glasi ya chai mpaka glasi ya chai: bibi aliyeivalisha kwadi kilemba, masikini, akajiua kwa mkono wake mwenyewe. Wangemhurumia kwanza, na mwaka wa pili wangecheka. Hakumpenda mtu yeyote duniani kiasi cha kumpa hadithi hiyo ya mama yake.

"Plagi," alisema.

"Plagi."

"Ndiyo."

Haddou aliangalia mikono yake iliyojaa udongo. Hakupiga kelele, na Addi angefurahi kama angepiga.

"Nilikuuliza, kaka," alisema. "Jumamosi asubuhi. Nilikuuliza Mama hajambo."

Kisha akaenda kupanda gari pamoja na wengine, na Addi akarudi peke yake kwa kwadi, ambayo ilikwenda vizuri njia nzima.